Hapa Watu Hawapotei

Ratiba ya siku ile mume wangu aliiandika usiku, kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kila saa na mahali pake. Saa mbili asubuhi, pantoni. Saa tatu, Makumbusho ya Taifa. Saa tano, Kanisa la Azania Front. Saa sita na nusu, sanamu ya Askari. Saa nane, chakula. Saa tisa, Coco Beach mpaka jua lizame. Akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati lililokuwa limetundikwa mlangoni, akalala.

Tulikuwa sita: sisi wawili, watoto watatu na mama mkwe wangu. Jana yake tulitoka Dodoma kwa treni ya umeme. Tulipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa, kitinda mimba wetu, mwenye miaka mitano, aliuliza kama usiku umeshaingia. Tulipotokea upande wa pili akauliza kama sasa ni kesho. Mama alikaa dirishani safari nzima, kikapu chake mapajani, wala hakukubali kiwekwe juu pamoja na mizigo mingine. Humo mlikuwa na mlenda mkavu na ubuyu wa kumpelekea wifi yangu, na mfuko wa karanga alizozikaanga mwenyewe, hizo zikiwa za njiani.

Mama ana miaka 74 na alikuwa hajawahi kuiona bahari. Watoto waliamini safari ni yao kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, lakini tangu mwanzo ilikuwa ya mama. Aliiomba mara moja tu, tukiwa jikoni tunachambua mchele. "Mwanangu, kabla sijafa nataka niione hiyo pwani." Hakusema bahari. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, neno la mtu huwa halinipiti hivi hivi, lakini siku ile sikumuuliza kwa nini alisema pwani.

Wifi yangu anakaa Kigamboni, na huko ndiko tulikofikia. Kati ya Kigamboni na mjini pana mkondo mwembamba wa maji, nao ndio mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Meli zote kubwa hupita hapo, karibu kiasi cha kumwona baharia akianika shati lake. Kuvuka kuna njia mbili. Kuna Daraja la Nyerere, la mita 680, lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo linakuzungusha hadi Kurasini. Na kuna pantoni, shilingi 200 kwa mwenda kwa miguu, na ukishapanda ni dakika chache tu majini.

"Wifi, chukueni gari mpite darajani," alituambia asubuhi akimimina chai. "Saa hizi pale kivukoni ni vurugu, na mama ni mtu mzima."

Mama alikuwa anafunga kilemba mbele ya kioo cha kabati. Akajibu bila kugeuka: "Nimetoka Dodoma kuja kuyaona maji. Sikuja kuyaruka."

Basi tukaenda kupanda pantoni.

Saa ile ya asubuhi Kigamboni nzima inaelekea mjini. Kuna wafanyakazi wa ofisini wenye mikoba, wanafunzi, mafundi na ndoo zao za vifaa, akina mama wa biashara, bodaboda zinazosukumwa zikiwa zimezimwa, malori, daladala. Unagusisha kadi, unapita, unasimama kwenye banda la kusubiria umebanwa pande zote, macho mbele. Pantoni inapowasili inashusha mzigo wake wa watu kwanza. Kisha geti linafunguliwa, na watu hawatembei, wanatiririka. Miguu yako inakwenda hata kama hujaiamrisha.

Tulikuwa tumepangana vizuri. Mume wangu mbele amemshika wa kati, mama katikati amemshika kitinda mimba, mimi nyuma na kifungua mimba wetu, binti wa darasa la saba. Tulikaa hivyo mpaka pale saruji inapokutana na mlango wa chuma wa pantoni. Hapo kitinda mimba akakanyagwa kisigino, ndala yake ya kushoto ikabaki nyuma.

Ndala yenyewe naijua kama kiganja changu. Nyekundu, kisigino kimelika upande mmoja, mkanda wake wa mbele ulikatika mwezi wa nne na mume wangu akaurudisha kwa kipande cha waya alichokipinda chini ya soli ili usimchome mtoto. Niliiona imelala kwenye saruji, watu wakiiruka. Nikainama. Kuinama katika umati ule ni kama kujitia chini ya maji. Nilipigwa goti la bega, nikashika ndala, nikaikosa, nikaishika tena. Mume wangu alipogeuka akaona mimi na binti hatupo, akarudi na wa kati kututafuta. Nilipoinuka nikamkuta usoni kwangu, na nyuma yake mhudumu alikuwa ameshavuta mnyororo. Mlango wa chuma ukaanza kupanda juu ukilia.

"Mama yuko wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa na ndala mkononi. Mama na mwenye ndala walikuwa ndani ya pantoni.

Tulikiona mara moja tu kilemba cha mama cha kijani, kikisogezwa na watu kwenda mbele zaidi, upande wa mjini. Mume wangu akaipigia simu ya mama. Ikaita, ikaita, ikapokelewa na wifi. "Simu ya mama iko hapa kwenye chaji. Kwani hamko naye?"

Nitasema ukweli, moyo wangu ulikwenda mbio. Si kwa ajili ya maji, maana pantoni ni kubwa na imetulia. Niliogopa upande wa pili. Mama hajui mtaa hata mmoja wa Dar es Salaam. Anajua kijiji chake, kanisa lake, mnada wa Msalato na barabara ya hospitali. Na mkononi alikuwa na mtoto mwenye kiatu kimoja.

Pantoni ya pili ilichelewa kidogo, nayo ilipofika tukawa wa kwanza kuingia. Tukasimama ubavuni, tumeshika chuma, tunahesabu mapigo ya maji. Mkondo ni mwembamba na pantoni hupishana katikati. Ile iliyotangulia ilikuwa inarudi. Binti yetu ndiye aliyeona kwanza.

"Bibi yule!"

Alikuwa amesimama ubavuni kama sisi, kati ya gari la simenti na bodaboda mbili, kikapu mkononi, mjukuu wake amepanda kwenye kizingiti cha chuma apate kuona. Mguu mmoja una ndala, mwingine peku. Walikuwa wakituendea, na sisi tukiwaendea, na kila mmoja alikuwa anakwenda kule mwenzake anakotoka. Maji kati yetu hayakuzidi upana wa uwanja wa mpira. Mume wangu akaweka viganja mdomoni akapaza sauti ambayo sijapata kuisikia tangu tuoane: "Mama! Shuka ubaki hapo hapo! Usipande tena!"

Mama akainua mkono taratibu, kama anavyompungia jirani aliye ng'ambo ya shamba, akasema maneno ambayo upepo uliyachukua. Tuliona mdomo tu. Kisha akageuza uso kuelekea kule mlango wa bandari unakofunguka, kwenye maji mengi, na hakututazama tena mpaka pantoni zikapishana.

Tulipofika Magogoni, kivuko cha upande wa mjini, mume wangu alinishika mabega. "Simama hapa. Usisogee hata hatua moja." Akageuka kurudi Kigamboni kumfuata mama. Nikabaki na watoto wawili karibu na kibanda cha mama lishe mmoja aliyekuwa anachoma chapati. Aliniangalia, akaangalia ndala mkononi mwangu, akanisogezea kigoda.

"Umepoteza mtoto?"

"Mtoto na mama mkwe."

"Kaa, dada. Hapa watu hawapotei, wanapishana tu." Akageuza chapati. "Mmoja wenu akikaa sehemu moja, atapatikana."

Nilikaa. Nyuma yangu palikuwa na soko la samaki la Feri, na harufu yake, na kelele za mnada, watu wakitaja bei juu ya mafungu ya vibua. Mbele yangu palikuwa na maji. Wa kati alitaka chapati, nikamnunulia. Binti hakutaka kitu; alisimama tu akitazama kila pantoni iliyosogea.

Simu yangu ikaita, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, na nyuma yake sauti ya mtoto inaimba. Nilijua wimbo ule kabla sijaelewa maneno ya yule mwanamke. Namba yangu ya simu nilimfundisha kitinda mimba kwa kuimba, wakati wa kumwogesha, tarakimu tatu tatu, na mwisho tunamwagia maji kichwani. Wenzangu shuleni waliwahi kuniambia mtoto wa miaka mitano hawezi kuishika namba nzima. Anaweza, na mtu mwenye mtoto asingoje kesho kumfundisha.

"Dada, niko na bibi yako huku Kigamboni," yule mwanamke alisema. "Anasema mko upande wa pili."

"Tumeshavuka! Niko Magogoni. Mwambie abaki hapo, mwanawe anakuja."

"Haa! Tumeshaingia kwenye pantoni, dada, tunakuja huko."

Nikampigia mume wangu. Alikuwa majini. Nilimwambia atazame pantoni inayokuja mbele yake, na nikasikia ukimya, halafu nikasikia akisema polepole, si kwangu: "Mama." Walikuwa wamepishana mara ya pili.

Alipofika Kigamboni hakuweza kurudi mara moja. Meli ya makontena ilikuwa inaingia bandarini, na meli ya namna hiyo inapopita mlangoni pantoni husubiri. Niliiona kwa macho yangu ikipita kati yangu na mume wangu, boti za kuvuta zikiisindikiza, ndefu, imepangwa makontena kama matofali ya tanuri. Ilipita taratibu sana. Watoto wangu walisahau shida zote wakaanza kuhesabu makontena. Mimi nilikuwa nahesabu watu: wawili wamefika, mmoja bado.

Maana mama alikuwa ameshafika. Alishuka na umati, mkono mmoja wa mtoto, mkono mwingine wa mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga mbili. Niliketi chini pale pale kwenye saruji nikamvisha mwanangu ndala yake. Mguu wake ulikuwa mweusi kwa grisi ya pantoni. "Mama," akaniambia, "nimepanda meli mara tatu."

Habari yao nimeisikia kwa vipande, kutoka kwa mama na kutoka kwa yule mwanamke. Waliposhuka Magogoni mara ya kwanza na kutuona hatupo, mama hakupiga kelele. Alisogea mpaka walipokuwa wamekaa akina mama wenye ndoo za samaki, akawasalimia kwa Kigogo, kama angefanya nyumbani: "Mbukwenyi!" Si kwamba alimjua mtu. Alisema alitazama nyuso zao akaona haiwezekani katika wote wale akosekane hata mmoja. Na mmoja akaitika, "Mbukwa, bibi!" Mzaliwa wa Mpwapwa, aliyeolewa Dar es Salaam, anayenunua vibua Feri alfajiri na kwenda kuvikaanga Kigamboni. Ndiye aliyegusisha kadi yake kwa ajili ya mama akavuka naye kwenda kututafuta. Waliposhuka huko wasitukute, na mtoto alipoanza kuimba namba, yule dada aliacha ndoo yake kwa jirani, akavuka tena nao, asubuhi ambayo ni ya biashara yake, samaki wake wakiwa juani.

Nilitaka kumpa pesa. Akarudisha mkono wangu. Mama alifungua kikapu, akatoa mfuko wa karanga akampa nusu nzima, akizihamisha kwa viganja mpaka kwenye pindo la kanga ya mwenzake. Hizo alizipokea. Waliongea Kigogo kidogo, wakacheka jambo nisilolielewa, kisha yule dada akakimbilia pantoni iliyokuwa inafungua mlango. Namba yake ninayo kwenye simu, nami humpigia.

Mume wangu alifika karibu saa tano. Shati limelowa mgongoni. Alisimama mbele ya mama yake, akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu, akakaa kwenye kigoda changu. Akatoa ratiba mfukoni. Jasho lilikuwa limeyeyusha wino, Saa Tatu na Saa Tano zimekuwa doa moja la bluu.

"Mama, ulikuwa unasema nini kule katikati ya maji?"

"Nilisema ni ya chumvi kweli." Akampa karanga. "Nilionja pale ngazini. Marehemu mchungaji wetu alikuwa anasema ni ya chumvi, nikawa nadhani ni maneno ya mahubiri."

Kanisa likatoka kwenye ratiba, ingawa mnara wake tulikuwa tumeuona kutoka majini, na kwangu huo ndio mwonekano wake mzuri kuliko wote, vigae vyekundu juu ya minazi. Mama alisema ana njaa. Tukaingia Feri. Soko hili lilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ukiingia unasikia kwanza kabla hujaona: wapara samaki wamekaa safu, visu vinakwaruza, magamba yanaruka kama cheche. Tulinunua changu wawili wakubwa mnadani, tukawapeleka kwa wapara, kisha kwa wakaangaji, ambao wana makarai ya mafuta makubwa kama beseni la kuogea mtoto. Tukala kwa mikono, kwa ndimu, chumvi na pilipili, tumekaa kwenye benchi moja sita tumebanana. Sijawahi kumwona mama akila samaki kiasi kile. Alifyonza kichwa mpaka mfupa wa shavu.

Wa kati akamuuliza baba yake kama aliogopa. Mama ndiye aliyejibu.

"Huyu baba yenu alipotea Msalato, ana miaka sita. Siku ya mnada, ng'ombe na watu vumbi moja. Nilimtafuta mpaka alasiri. Nikamkuta amelala katikati ya mbuzi wa watu, wanauzwa, na yeye kidogo auzwe nao. Tangu siku hiyo nikawa namfunga kwa pindo la kanga. Mkono wake huku, kiuno changu huku." Watoto walicheka mpaka benchi likatikisika. Mume wangu naye alicheka, na mimi niliona mabega yake yanashuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Makumbusho tulifika saa saba. Yapo Mtaa wa Shaaban Robert, na nililazimisha picha chini ya kibao cha mtaa, watoto wote watatu, maana mwandishi aliyeifanyia lugha ya Kiswahili kazi ile, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, anastahili watoto wasimame dakika moja chini ya jina lake. Ndani wa kati alikwama kwenye magari ya viongozi wa zamani. Mama alikwama kwenye kioo cha fuvu la Zinjanthropus, lile ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Binti akamsomea: takriban miaka milioni 1.75. Miaka hiyo haikumshughulisha mama. Aliinamia yale magego, mapana kama punje za mahindi ya kuchoma, akayahesabu kwa kidole hewani.

"Meno haya si ya mla uji," alisema. "Huyu alitafuna vigumu maisha yake yote. Alikuwa mtu wa ukame." Akakaa naye muda mrefu. Mlinzi alipita mara mbili, mara ya pili akamletea kiti.

Kufika sanamu ya Askari ilikuwa saa kumi kasoro. Iko katikati ya mzunguko wa magari, Barabara ya Samora, mtu wa shaba amekaza hatua, singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Mume wangu anaipenda historia na alieleza vizuri: kwamba Wajerumani waliweka hapo sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, kwamba Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa, na kwamba hii ya sasa ni ya 1927, kwa kumbukumbu ya Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Magari yalikuwa yanatuzunguka, honi juu ya honi.

Mama aliizunguka sanamu mara moja, taratibu. "Huyu ana bunduki. Mzigo kaubeba nani?"

Mume wangu akamwambia maandishi ya chini yanawataja na wapagazi.

"Nisomee."

Akasoma. Mama akasema asome tena, pale penye wapagazi tu. Ndipo akatuambia, amesimama, kikapu begani, kwa sauti ambayo ilibidi tumsogelee ili tuisikie. Babu yake, mzaa baba, alichukuliwa Ugogo wakati wa vita ile kwenda kubeba mizigo. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamepita, yamechukua ng'ombe, yamechukua mtama, yamechukua wanaume, na nyuma yake ikaja njaa ile ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, iliyoua watu bila idadi. Baba yake mama alikuwa mtoto mdogo wakati wa Mtunya. Kila alipouliza baba yuko wapi, wakubwa walimpa jibu moja: alipelekwa pwani. Alikua na jibu hilo, akazeeka nalo, akawaachia wanawe.

"Nikasema niione hiyo pwani waliyompeleka," mama alisema.

Alinyoosha mkono akaweka kiganja kwenye jiwe la chini ya sanamu. Jiwe lilikuwa la moto kwa jua la mchana kutwa. Hakulia, na hakutaka mtu amshike. Kitinda mimba wetu, ambaye hakuelewa, aliweka na yeye kiganja chake kando ya kile cha bibi, kisha wengine wawili wakafanya vivyo hivyo. Tulikaa hapo. Sijui ni muda gani. Magari yalizunguka mara nyingi.

Baadaye mume wangu alimwambia kwamba hata Kariakoo, soko linalojulikana nchi nzima, jina lake limetokana na kikosi kile cha wapagazi kwa Kiingereza, Carrier Corps, kwa sababu kambi yao ilikuwa pale. Mama aligeuka ghafla.

"Kwa hiyo kuna mahali walilala?"

"Palikuwa hapo, mama."

"Twende."

Tulimwonyesha jua. Tulimwonyesha watoto, mmoja amekaa kwenye ukingo wa barabara amevua ndala zote mbili. Akakubali iwe kesho. Coco Beach, iliyopangiwa saa tisa, hakuna aliyeitaja isipokuwa wa kati, ambaye alikuwa ameahidiwa mihogo ya kukaanga ya huko na akaanza kulia kimyakimya. Nilimnunulia mihogo kwa muuzaji wa karai karibu na kivuko, yenye kachumbari na pilipili, na alikula akifuta machozi kwa kiwiko, akasema ni mizuri ila si ya Coco Beach. Nilimwahidi tena. Ahadi hiyo bado ninadaiwa.

Magogoni jioni ni asubuhi ya Kigamboni iliyogeuzwa: watu wale wale, sasa wamechoka, wamebeba mikate, vifurushi, watoto waliolala. Tukagusisha kadi, tukasimama kwenye banda, tumebanwa. Taa za meli zilizotia nanga nje ya bandari zilikuwa zimeanza kuonekana. Mume wangu alianza kutupanga upya: wewe hapa, wewe nyuma yangu, wewe usiache mkono wa dada yako.

Mama hakungoja kupangwa. Alifungua kanga yake ya pili, ile ya kujitanda, akaisokota kidogo. Pindo moja akalifunga kwenye kifundo cha mkono wa kitinda mimba, fundo ambalo halibani na halifunguki. Kanga ikapita kiunoni mwake yeye. Pindo lililobaki akamnyooshea mwanawe, mwenye miaka 48 na mvi mbili tatu kidevuni.

"Shika hapa, baba."

Watu walikuwa wanatazama. Alilishika, akalizungusha mara moja kwenye ngumi. Mimi nikashika nyuma, kwenye kikapu, binti na wa kati wakanishika gauni. Geti likafunguliwa na umati ukatuchukua.